Mpira Ulioingia Kichakani Ubaki Kichakani

Kwa Kapteni wa Gofu,
Klabu yetu,
Kitale.

Mheshimiwa Kapteni,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na nyasi za uwanja zimekatwa. Mimi ni Dancan Gathogo, mpima ardhi mstaafu, mwanachama ambaye hajawahi kukusumbua ila ile mara ya supu. Naandika kwa heshima kuomba klabu ipige marufuku tabia ya mchezaji kupiga mkwaju mbaya kisha kujikwamua.

Nieleze chanzo. Binti yangu Mwihaki amechumbiwa na kijana aitwaye Tonny, wa Kabuchai kule Bungoma. Babake, Bwana Nyongesa, ni mkulima wa miwa aliyejifunza gofu uzeeni. Mke wangu Wakiuru alishauri sisi wazee wawili tucheze pamoja ili tujuane kabla ya mambo ya mahari. Nilikubali, nikavaa sweta mpya. Tumejuana, Kapteni, na ndiyo maana nakuandikia.

1. Pale shimo la kwanza mpira wangu ulikwenda katikati ya uwanja, umenyooka kama mpaka wa shamba niliochora mwenyewe. Wa Bwana Nyongesa uligonga mkaratusi, ukarudi nyuma, ukaingia kichakani. Nilimpa pole kwa dhati. Mtu mwenye adabu angeinamisha kichwa. Yeye aliingia kichakani akipiga mluzi, akaniambia, "Baba Mwihaki, hiyo mpira haijapotea, imeenda tu kusalimia watu." Nikasikia majani yakipasuka, kisha mpira ukatoka chini ya matawi mbio kama panya aliyefumaniwa ghalani, ukasimama karibu na bendera. Alimaliza shimo kabla yangu. Nauliza: mimi niliyefuata njia nilipata nini?

2. Kuna lile shimo la mchanga ambalo mvua ilikuwa imeligeuza dimbwi. Mpira wake ulitumbukia humo, ukabaki utosi tu ukichungulia. Nilimshauri, kama mkwe, akubali yaliyomfika. Badala yake alivua viatu, akakunja suruali yake ya kanisani, akaingia majini. Alipiga maji, matope na mpira kwa pamoja. Matope yakaja kwenye sweta yangu, mpira ukaenda kwenye shimo la bendera. Akina mama waliokuwa wakipalilia maua wakapiga vigelegele. Mimi sijapigiwa kigelegele hata siku niliyostaafu.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Pale shimo la mwisho, mimi nami nilipiga mkwaju mbaya. Sitaki kusema mengi, upepo ulihusika. Mpira ukajificha nyuma ya mkuyu mnene. Nikajiambia, ikiwa mkulima wa miwa anaweza kutoka, sembuse mtu aliyezipima pembe maisha yake yote? Nikapima kwa jicho, nikapiga. Mpira ukagonga mti, ukanirudia miguuni. Nikapima upya, nikapiga. Ukagonga palepale, kwa usahihi ambao mahali pengine ungesifiwa. Nilipiga mara ngapi, gome la mkuyu ndilo linalojua. Tonny, aliyekuja kutuchukua kwa gari, aliniambia kwa upole, "Mzee, tulia bana, si ni mpira tu." Nilikwenda nyumbani kwa miguu, fimbo zote begani, na hao wageni nikamwachia Wakiuru.

Tangu siku hiyo nimetafakari sana. Maisha yangu yote nimejihadhari na makosa kwa kuwa niliamini kosa lina gharama. Ikiwa mtu anaweza kukosea, akatoka anacheka, na akafika mbele ya aliyenyooka, basi sisi waangalifu tulikuwa tunaangalia nini? Swali hili nililipeleka kanisani, ambako mimi ni mzee wa kanisa. Nilimwomba Mchungaji Kimeli apunguze kidogo mahubiri ya msamaha hadi jambo hili liamuliwe. Aliniuliza kama nimepimwa shinikizo la damu.

Kwa hiyo naomba kamati iamue yafuatayo. Mpira ukiingia kichakani ubaki huko, na mwenyewe abaki nao hadi wenzake wamalize. Anaweza kupelekewa uji. Aliye matatani asipige mluzi. Uamuzi huo upelekwe pia kaunti zote mbili, yetu na ya Bungoma, ili hata mfanyabiashara ambaye duka lake limefungwa mjini Bungoma asije akafungua jingine Kamukuywa na likajaa wateja, mbele ya macho ya watu ambao maduka yao hayajawahi kufungwa wala kujaa.

4. Na harusi nimeisimamisha. Kijana aliyelelewa na baba wa namna hii atamkosea binti yangu asubuhi, na kufikia adhuhuri atakuwa ameshamchekesha. Mtoto wangu ataishi na makosa bila hata kuyaona. Nimemweleza Mwihaki hivyo, kwa utaratibu, hoja baada ya hoja. Sasa hasemi nami. Shikamoo yake naletewa na mamake.

Nasubiri jibu lako. Nisalimie Mama watoto, kamati nzima, mpishi, na akina mama wa maua, ingawa wao wajue nimeumia.

Wako nisiyekengeuka,
Dancan Gathogo

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii, leo asubuhi nilikwenda kucheza peke yangu nipunguze mawazo. Mpira ukaingia mtaroni, kwenye majani ya ng'ombe kando ya ua. Hapakuwa na mtu wa kuniona nikiaibika, basi nikafumba macho, nikapiga. Kapteni, ulitoka. Uliruka ua, ukagonga jiwe, ukageukia uwanjani, ukabingirika polepole kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua, ukaingia shimoni. Nilipiga kelele hadi ng'ombe wa jirani akakimbia.

Nikatazama huku na huku nikitafuta wa kumwambia. Wakiuru angeniuliza kama nimekula. Kutoka Kitale hadi Bungoma nilimwona mtu mmoja tu ambaye angeelewa, nami sikuwa nimesema naye tangu siku ya mkuyu. Nilifika nyumbani, nikampigia. Hakutaja ugomvi. Aliuliza tu, "Ilikuwa imelala namna gani?" Nilimweleza yote, akanifanya nirudie kuanzia mtaroni. Akampa simu Tonny, nikaeleza tena. Tonny akampa mamake, Phelista, na hapo nakiri ua ulikuwa umeongezeka urefu. Nilipokuja kutahamaki, tulikuwa tunapanga tarehe ya harusi.

Mwihaki alikuwa mlangoni akisikiliza. Akaja, akaketi karibu nami, akauliza, "Baba, halafu baada ya jiwe ikaenda wapi?"

Kwa hiyo, Kapteni, yote yaliyo juu ya sahihi yangu yachome. Nyongeza hii naomba ibandikwe kwenye ubao wa klabu, mahali ambapo wageni kutoka Bungoma wataiona wakiingia.