Nyumba ya Magurudumu Mawili

Alhamisi, 11 Desemba 1975

Leo nimekuwa mwenye karavani. Naandika tena ili niamini: mimi, Callistus Okwara, ni mwenye karavani.

Tajiri alinituma Malaba na karatasi za mizigo. (Mimi ni karani wa wakala wa forodha hapa Busia, na karatasi zangu hazijawahi kurudishwa, isipokuwa zile za Machi.) Nikaingia hotelini kwa Benedetta kunywa chai. Nikatoka uani kunawa mikono, nikaiona. Nyeupe. Magurudumu mawili, madirisha manne, mlango wenye komeo, kitanda cha watu wawili, meza ya kukunja. Benedetta alisema wazungu wawili wazee walifika nayo wakielekea Uganda, wakasikia habari za ng'ambo ya mpaka, wakaona afadhali wapande treni warudi Nairobi. Tangu hapo anafugia kuku humo.

Tumebadilishana. Yeye kachukua baiskeli yangu nyeusi, mimi nimechukua karavani. Nimerudi kwa miguu hadi Chakol ndipo nikapata lifti. Miguu inauma. Roho nyeupe kabisa.

Sababu ni Roselida. Siku ya harusi yetu, miaka kumi na mitano iliyopita, nilisimama mbele ya watu nikaahidi kumpeleka ziwani, tulale kando ya maji. Mke wangu ni mtu wa Bungoma, ziwa hajaliona hata kwa mbali. Na kutoka hapa hadi Port Victoria ni mwendo wa asubuhi moja. Hajawahi kulalamika. Kila Krismasi, akichambua mchele, huniuliza tu kama na mwaka huu maji yamekauka.

Mwaka huu hataniuliza. Jumamosi baada ya Krismasi tutakuwa ziwani. Hadi hapo ni siri.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimekumbuka kazini kwamba karavani haina injini. Na baiskeli sina tena. Kwa hiyo nina nyumba Malaba na miguu Busia.

Jumamosi, 13 Desemba

Katika eneo lote hili, ninayemjua mwenye kitu cha kuvuta ni mmoja tu, naye ni Ekisa wa Chakol. Ana trekta. Pia ana sauti, na ana kifua, na mwezi wa Februari alinishinda uongozi wa kwaya kwa kura mbili. Kura moja kati ya hizo ilikuwa ya mke wangu. Roselida alieleza wakati ule kwamba Ekisa hufika mazoezini mapema.

Nilipanga kumdanganya kwamba parokia inataka vifaa vyake vihamishwe. Nilipofika nikamkuta na padri wanakunywa uji. Ikabidi niseme kweli.

Ekisa alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akatoa sharti. Atanivutia karavani kutoka Malaba hadi kwangu, na kutoka kwangu hadi ziwani, mafuta juu yake. Mimi nimwachie solo ya Krismasi.

Hiyo solo nimeiimba miaka tisa. Watu wa Nambale huja kwa ajili yake. Angalau wawili huja.

Nimekubali. Nisingekubali kwa sababu nyingine yoyote duniani.

Jumapili, 14 Desemba

Karavani imefika. Siri haipo tena. Trekta ya Ekisa inakwenda mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, hivyo watu waliiandama kutoka Chakol kwa miguu, na kila soko waliongezeka. Tulipoingia uani kwangu tulikuwa kama maandamano. Roselida alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

Akaingia ndani ya karavani. Akakaa kitambo. Akatoka akauliza kuku ni wa nani.

Kumbe ndani ya kabati kuna kuku wa Benedetta anaatamia. Mayai tisa. Nilitaka kumtoa. Roselida alisema mama anayelala juu ya watoto hatolewi nyumbani kwake, akachukua mapazia akaenda kuyafua. Baadaye nilimsikia akiimba kule kwenye kamba ya nguo, na Roselida haimbi ovyo.

Jioni akaja kaka yangu Barasa. Barasa hajaalikwa popote kwa miaka mingi, ila kila mahali kwenye mila yuko. Alisema nyumba mpya sharti mwenyewe na mkewe wailalie kwanza. Mkwe akitangulia kulala humo, mwenye nyumba asahau, hataweka mgongo pale maisha yake yote. Kwa hiyo tulale humo leo leo.

Nilikataa. Nimengoja miaka kumi na mitano, usiku wa kwanza utakuwa kando ya maji na si hapa uani karibu na shimo la takataka. Nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba hii si nyumba. Ni gari. Barasa akauliza kama haina mlango. Kitanda. Paa. Nikamwonyesha namba ya gari kule nyuma, nikamwuliza nyumba yake ina namba gani. Watu wakacheka. Barasa akafunga kifungo cha koti.

Akasema amesikia, ni gari, na watu hawa wote ni mashahidi.

Nimemshinda Barasa! Haijawahi kutokea tangu tuwe watoto.

Jumatano, 17 Desemba

Balaa. Roselida amemwalika mama yake.

Amenieleza polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari za sindano. Mama yake alikuwepo siku ya harusi na aliisikia ahadi. Naye ziwa hajaliona. Naye amezeeka. Tena, kwa kuwa ni gari na si nyumba, hakuna ubaya mama mkwe kupanda gari la mkwewe. Barasa mwenyewe amethibitisha. Roselida alikwenda kumwuliza jana.

Mama mkwe namheshimu kwa moyo wote, na kwa umbali wote. Katika miaka kumi na mitano hatujawahi kukaa chumba kimoja wala kupeana mkono, jinsi inavyotakiwa. Tukisalimiana ni kupitia ukutani. Namjua kwa kikohozi.

Nimemwendea Barasa kumwambia nimefikiri upya, ni nyumba. Alikuwa ananyoa ndevu. Alisema ni gari, lina namba.

Mpango mpya. Mama mkwe na Roselida wasafiri ndani, mimi nikae kwenye madigadi ya trekta. Tukifika, mama mkwe akalale kwa Phelister, rafiki wa Roselida anayeuza samaki pale Port Victoria. Amwone mwenzake, ale samaki wa ngege, alale pazuri. Karavani tubaki wawili. Nimempelekea Phelister barua kwa mkono wa kondakta.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Ekisa ameimba solo yangu.

Ameimba vizuri. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili ni la ukweli. Nilitokwa na machozi, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega akasema Bwana asifiwe.

Mama mkwe yuko kwa Barasa tangu jana. Kanisani amekohoa upande wa wanawake, nami nikakohoa kumjibu. Phelister amejibu kwamba chumba kipo.

Vifaranga saba.

Jumamosi, 27 Desemba, jioni, Port Victoria

Naandika nimeketi juu ya tairi la trekta.

Tuliondoka alfajiri. Ndani: Roselida, mama mkwe, kuku, vifaranga saba, mkeka wa Roselida ambao sikuona haja ya kuubeba kwa kuwa kuna kitanda. Nje: mimi na Ekisa, ambaye aliimba solo kutoka Busia hadi Bumala bila kupumzika.

Bumala tulisimama kutia maji kwenye rejeta. Kugeuka, nyuma ya karavani kuna mstari wa akina mama, watoto migongoni, kadi za kliniki mkononi. Gari jeupe lenye mapazia. Walidhani ni la chanjo. Nikawaeleza. Mmoja akasema, "Boss, sisi tumetoka mbali, usitufiche dawa." Kabla sijajibu, dirisha likafunguka na mama mkwe akaomba aonyeshwe ulimi wa mtoto wa kwanza. Alitazama ndimi zote. Huyu apewe uji mwepesi, huyu aogeshwe maji ya vuguvugu, huyu hana kitu isipokuwa mama yake anamvalisha masweta matatu. Saa tatu nzima. Waliondoka wameridhika, na mmoja alituachia mkungu wa ndizi.

Tulipoondoka Bumala kikohozi kilinyamaza. Nikafurahi, nikadhani anafurahia mandhari. Tukashuka Budalangi, tukapita tuta la kuzuia mafuriko, upepo ukaanza kunuka samaki. Nikaruka chini trekta ikiwa bado inatembea, nikakimbia kumwambia Roselida maji hayo hapo.

Roselida alikuwa dirishani, kidole mdomoni. Mama yake alikuwa amelala. Kwenye kitanda. Kitanda changu ambacho mgongo wangu haujakigusa. Alikuwa amelala tangu Bumala, amechoka na zile ndimi, na viatu amevivua akavipanga vizuri chini.

Nani amwamshe? Mimi siwezi kuingia. Ekisa ni Mteso, na kwa mambo ya wakwe Wateso wanaogopa kutuzidi. Roselida alikataa kata kata. Phelister alikuja, akachungulia, akasema mtu akilala hivyo anahitaji, akarudi zake kwa samaki.

Aliamka saa kumi na moja. Akamtuma Roselida aniulize kupitia dirishani: mkwe wangu anasema hiki ni nini, nyumba au gari?

Nilikaza. Nikasema gari. Jibu likaja kwamba ahsante, kwenye gari wazee hukaa na vijana husimama nje. Nikasema basi, ni nyumba. Jibu likaja kwamba vyema, nyumba hiyo yeye ameshailalia, na Barasa alimweleza maana yake.

Ekisa alishuka akaenda nyuma ya trekta. Nilimsikia akicheka kwa sauti ya besi.

Mama mkwe hakuwa na ubaya. Alisema kama ninaona vigumu atakwenda kwa Phelister sasa hivi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyeanza kuvaa viatu. Nikaona aibu. Nikasema hapana, mama, lala, nyumba ni yako. Maneno yalitoka tu.

Miaka kumi na mitano. Baiskeli. Solo. Na leo nalala mchangani na Ekisa, chini ya turubai la pamba.

Jumapili, 28 Desemba

Kabla jua halijatoka niliguswa mguu. Roselida. Alikuwa na mkeka wake kwapani.

Tulienda mbali kidogo na trekta, maana Ekisa hukoroma kwa noti. Akautandika karibu kabisa na maji. Tukakaa. Mwanga ukaja, na maji yakaonekana yote kwa mara moja, hayana mwisho, na mitumbwi ya wavuvi ikirudi. Roselida aliinuka akakunja kanga, akaingia hadi magotini. Akasimama pale muda mrefu. Nikaanza kuogopa kwamba hayajampendeza.

Akageuka analia na kucheka. Akasema, "Kumbe hayakukauka, Baba Asio."

Asio ni binti yetu, alipewa jina hilo na mkunga Mteso aliyempokea. Roselida huniita hivyo siku za heri tu.

Nikamwomba msamaha kwa kila kitu. Kitanda, kuku, Bumala. Alisema yeye kitanda hakukihitaji. Hata ule mwaka wa harusi mkeka ungetosha, na wakati huo baiskeli ilikuwepo, ina keria ya kumbeba. Alilala begani kwangu hadi jua likatuchoma. Nampenda huyu mwanamke. Sijui kama nimewahi kuandika hivyo.

Jumatano, 31 Desemba

Karavani haiko kwangu. Nyumba aliyoilalia mama mkwe haiwezi kukaa uani kwa mkwe, Barasa amesema, safari hii bila hata kufunga kifungo. Ekisa ameivuta hadi Bungoma. Kuku na vifaranga wamekwenda nayo.

Habari zimerudi kwamba mama mkwe amewaambia majirani mkwe wake amemjengea nyumba yenye madirisha manne. Inasemekana hakuna mkwe kama mimi kutoka mto Sio hadi mto Nzoia. Barasa amenipa mkono njiani. Nimetembea kwenda kazini nikiwa na furaha na malengelenge.

Jumamosi, 3 Januari 1976

Nimelijua kosa langu. Usiku wote nimelifikiri, na asubuhi likawa wazi. Mlango ulikuwa mmoja!

Jana nilikuwa Malaba. Nyuma ya ghala la pamba kuna basi. Halina injini, lakini lina milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ukijenga ukuta wa mbao katikati, zinakuwa nyumba mbili chini ya mapaa mawili, maana paa nalo nitalikata. Mama mkwe aingie nyuma, sisi mbele. Barasa hatakuwa na la kusema. Mwenye basi anaitwa Omagor, na amekubali kubadilishana na cherehani yetu. Ekisa atavuta. Nimemwachia solo ya Pasaka, na ya Krismasi, na Pasaka nyingine.

Nimemweleza Roselida mpango wote akiwa anachambua mchele. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akauchukua ule mkeka ukutani, akaukung'uta mchanga, akaufunga kwa kamba kama mtu mwenye safari, akauegemeza mlangoni, akaja kukaa karibu yangu.

Sijui mkeka ni wa nini. Nimemwambia basi lina viti.