Niletee Kadi Yenye Sura Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Halmashauri imerukwa na akili! Inataka vilabu vyote vya kava, kinywaji chetu cha mizizi kinachomtuliza mtu, vihamie ng'ambo ya mto, jirani na machinjio. Nani atavuka daraja gizani aende kunywa huku ng'ombe wanamkodolea macho? Kilabu changu kitakufa kabla ya Krismasi, nami nitarudi kwetu kisiwani Pentekoste kulima kava ya wengine. Sirudi ng'o. Ndiyo maana nagombea udiwani. Uchaguzi ni wiki ijayo, na nimeshaanza kuitika nikiitwa mheshimiwa. Anayeniita ni mimi mwenyewe, kwa mazoezi.

Mpinzani ni mmoja tu, Mama Leinasei, anayeuza samaki wa kukaanga na laplap, ule mkate wa muhogo uliookwa kwenye majani, langoni kwangu. Wateja wangu wakimaliza kifuu cha kava, mdomo mchungu, wanakimbilia kwake kuondoa ladha. Yaani anaishi kwa uchungu wangu, halafu anataka na kiti changu! Mke wangu Merelyn anasema eti Mama Leinasei naye hataki vilabu vihame, basi si nimwachie tu. Nimemjibu huo ni wizi wa sera.

Jumatano, 5 Juni

Mkutano mkubwa kilabuni. Kifuu kimoja bure kwa kila mtu, kisha hotuba. Nimeanza kwa sauti ya radi. Mzee Garae, mteja wangu tangu siku ya kwanza, akaniomba nipunguze, kava ndiyo kwanza inamwingia. Nikapunguza. Akaomba ninong'one. Nikanong'ona. Akaomba na taa nizime, inamuumiza macho. Nikazima. Hotuba nimeimalizia gizani kwa kunong'ona, na hakuna aliyepiga makofi. Heshima kubwa sana!

Nilipowasha taa, kilabu kitupu. Wote wako langoni wanatafuna samaki na kumsimulia Mama Leinasei shida zao, mara mtaro umeziba, mara mtoto ana homa. Yeye anasikiliza tu. Hana hotuba hata moja, maskini.

Alhamisi, 6 Juni

Watu wa kata hii nawajua. Wanakunywa kava ya huyu, wanampigia kura yule. Nahitaji ushahidi! Asubuhi, nikiosha vifuu, akili ikafunguka. Mpiga kura hupewa kadi mbili zenye picha, yangu na ya Mama Leinasei. Moja anaitia kwenye bahasha, bahasha inaingia sandukuni, nyingine anaitupa. Basi! Atakayeniletea kadi yenye sura yangu atapata vifuu viwili bure. Hapo hakuna kudanganyana.

Merelyn akaanza kusema kwamba kadi ikiwa mkononi mwa mtu, basi haimo kwenye... Nikamkatiza. Mambo ya kampeni yana wenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Nimetangaza mpango nje ya kanisa. Mzee Garae akauliza kama nina hakika, yaani ile yenye sura yangu ndiyo wasiiache kule? Nikasema hiyo hiyo. Akauliza tena. Nikamwambia baba, unanichosha. Watu wakatazamana, wakasema haya bosi, umesema wewe.

Hata Mama Leinasei amenivuta pembeni. "Tabi mwanangu, hebu lifikirie tena hilo," akasema, kwa upole kabisa. Nikajua ameogopa.

Jumanne, 11 Juni

Ushindi! Tangu mchana foleni imefika barabarani. Kadi juu ya kadi, meza nzima ni sura yangu, na kila moja inatabasamu. Mashine ya kusagia imeshika moto, mizizi ya mwezi mzima imekwisha, wala sijali. Hata wasionisalimia wamekuja na kadi! Mzee Garae amekunywa vyake viwili, akanikumbatia, akasema pole. Nadhani ni pole ya kazi.

Kadi yangu mwenyewe nimekuja nayo nyumbani. Picha imetoka vizuri mno, siwezi kuiacha sandukuni. Kwenye bahasha nikatia ile iliyobaki, maana bahasha tupu ni aibu.

Jumatano, 12 Juni

Wizi! Wizi wa mchana kweupe! Mama Leinasei ameshinda. Mimi nimepata kura moja. Moja! Merelyn anasema hiyo ni yake, ameona mume ni mume. Nikamuuliza mbona basi hakuniletea kadi. Akatoka nje, akakaa huko hadi chakula kikaungua.

Nimejaza kadi kwenye gunia, nikalibeba hadi kwa msimamizi wa uchaguzi, nikamwaga mezani kwake. Kura zangu hizi hapa! Akazitazama, akanitazama, akaniuliza nimekunywa vifuu vingapi. Kisha akasema kadi hizo hazikutakiwa kutoka nje ya chumba, na kama nina akili niondoke kabla hajamwita polisi. Nimeondoka. Gunia amebaki nalo, na kwa kweli roho imeniuma. Kilabu nimekifungua nikiwa sina uso wa kumtazama mtu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku za kuhamia machinjioni.

Alhamisi, 20 Juni

Hatuhami! Mama Leinasei amesimama leo kwenye kikao chake cha kwanza, wala hakusema mengi. Amesema wateja wake wanatoka kilabuni kwa Tabi, kilabu kikivuka mto na samaki wake wataoza, na mtaro bado umeziba. Madiwani wakacheka, wakafuta mpango wote. Niliposikia nimekaa chini nyuma ya mashine nikalia kidogo. Sera yangu imeshinda, hata kama imesemwa na mdomo wa mwingine.

Jioni ameniletea sahani ya samaki, akasema jirani, tumeponea chupuchupu. Nimewala wote. Chumvi imezidi.

Miaka minne si mingi, nami nagombea tena. Nimekaa nikatafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona. Kuna mtu mmoja, tena wa nyumbani kwangu, aliyeiacha kadi yangu mle sandukuni. Safari ijayo haitabaki hata moja.