Sikio Langu Mwenyewe

Jumanne, 6 Mei
Nina hasira! Seli za ngozi yangu zimekufa tena, mara ya tatu. Wakati huohuo msanii mwenzangu Merrilyn ametengewa meza ya mlangoni kwenye maonyesho ya sanaa hai ya maabara, na kazi yake ni kuvu tu. Mimi nakuza sikio hai kwenye kisahani! Nisipokuwa na sikio kufikia tarehe 26, nafasi yangu anapewa yeye. Dakta Tutty, mkuu wa maabara, amenikumbusha sharti: seli zako mwenyewe, au saini ya mwenye nazo. Saini! Mchongaji huomba saini kwa jiwe?

Jioni dada yangu Noeline kaniomba nimng'oe mvi. Nimeng'oa kumi na nne, na mizizi yake. Kanishukuru, kasema kumbe nina utu.

Alhamisi, 22 Mei
Limeota! Dogo kama ukucha, jeupe, zuri ajabu. Nalilisha virutubisho kila asubuhi. Kwenye kibandiko nimeandika: "Desmond, kwa seli zake mwenyewe". Merrilyn kachungulia, kasema hata sikio langu linaonekana halisikii la mtu. Wivu huo.

Jumatatu, 26 Mei
Kumbe kila kazi hupimwa kabla ya milango kufunguliwa! Dakta Tutty katangaza mbele ya wote kwamba kromosomu ni za mwanamke, kauliza kama nina la kusema. Nikasema sanaa haina jinsia. Merrilyn alicheka mpaka akakaa chini.

Noeline, niliyemwalika mwenyewe, alishaelewa. Hakupaza sauti. "Ungeniomba ningekupa, Desmond. Sasa umeniiba."

Nikamwambia mvi ni takataka. Akasema takataka hailishwi kila asubuhi.

Hapa maabara mwenye seli ndiye anayeamua kazi iishi au ife. Akapewa chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, akaimimina mwenyewe juu ya sikio. Akalia. Nikalia pia: wiki tatu za kazi zimeteketea! Na meza yangu kaichukua Merrilyn, sasa anazo mbili.

Jumapili, 1 Juni
Noeline kanisamehe, baada ya kuniapisha mara mbili kwamba sitagusa tena unywele wake hata mmoja. Kiapo ni kiapo. Tumekula kondoo wa kuoka, akaniongezea viazi.

Nimelitafakari kosa langu wiki nzima, kwa uchungu wa kweli, na leo nimeliona: nilichagua mwanamke. Shemeji Clive amesinzia barazani, mdomo wazi, nywele zimemjaa puani. Clive ni mwanamume kamili. Kibano ninacho mfukoni.