X Nyekundu kwenye Mtundu

Jumatatu, 8 Desemba

Mama mkwe kapiga simu kutoka Kasulu. Anakuja Jumapili kumchukua Zuleha akajifungulie kwake. Kisa? Mke wangu ana mimba ya miezi saba, anatamani uyoga wa porini, na mimi tangu mvua zianze sijaleta hata mmoja. Kasema mwanamume anayeshindwa na uyoga, mtoto atamweza? Kibondo nzima inakula uyoga! Mimi Khatibu, mwenye duka la misumari na rangi, nakula mchicha.

Nyumba bila Zuleha siiwezi. Hata redio hainichekeshi asipokuwepo. Nimeapa: Jumapili uyoga utakuwa mezani.

Jumanne, 9 Desemba

Nimemfuata Bibi Josephina wa Murungu, bingwa wa uyoga, kwa kujibanza. Mahali anapochuma hakumwambia hata marehemu mumewe. Kanizungusha msitu wa kijiji saa tatu nzima, kisha bila kugeuka akanisalimu kwa Kiha, mwakeye, mwanangu, hayo matope kwenye kanzu yatatoka kweli? Nikajifanya natafuta mbuzi.

Lakini Mungu si Athumani! Kurudi nikapotea njia, nikaangukia mitundu mitatu, miti mikubwa hasa, na chini yake uyoga mchanga unainua majani. Mdogo mdogo, saizi ya vifungo vya shati. Siku mbili tatu utakuwa tayari. Nisije nikapotea tena, nikarudi na kopo la rangi nyekundu, nikaupiga kila mti X kubwa. Akili ni mali!

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekuta visiki.

Visiki vitatu! Evaristi, mpasua mbao, ana kibali cha miti minne kwa ajili ya paa la darasa. Alikuwa anasubiri tu Bwana Lusajo, bwana misitu, aje kutia alama. Kaona X. Nani katika nchi hii asiyejua X nyekundu maana yake nini? Kanisimulia kwa furaha kwamba safari hii serikali imefanya haraka. Magogo yameburutwa juu ya uyoga wangu. Matawi yamechomwa. Imebaki jivu na jua kali. Nimekaa kwenye kisiki nikalia. Evaristi kanipa pole, akidhani nimefiwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Lusajo kaja dukani, kafura, anauliza nani kanunua rangi nyekundu wiki hii. Nikasema wateja ni wengi. Nikajitolea kumsaka mhalifu! Bibi Josephina alikuwepo, ananunua misumari. Akanitazama sikio. Nina rangi sikioni tangu Jumanne na hakuna aliyeniambia.

Kanivuta pembeni. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kasema uyoga ule na mti wake ni kama mama na mimba: unakula kwenye mizizi, nao unaulisha mti. Ukikata mti, pale usirudi kutazama uyoga, labda wajukuu zako. Alikuwa anachuma pale tangu msichana. Lahaula! Palikuwa ni pake! Kasema mtundu mkubwa kuliko yote Murungu hauna mizizi, una duka.

Nimeona aibu ya kweli. Nimeungama kwa Lusajo. Adhabu: misimu mitatu nilinde machipukizi ya vile visiki, yasiguswe na moto wala mbuzi.

Jumapili, 14 Desemba

Asubuhi, mlangoni, ungo wa uyoga! Bibi Josephina kasema ni wa Zuleha, si wangu. Zuleha kaupika kwa mawese na karanga. Mama mkwe kafika, kala, kaongeza, kalamba kidole, kisha akauliza umetoka wapi. Nikasema kwenye mti wangu. Zuleha kanikanyaga mguu. Mama kasema basi, Zuleha abaki, ilimradi kila Jumapili uyoga uwepo. Nimemshika mke wangu mkono mbele ya mkwe. Aibu! Lakini raha.

Jumatatu, 15 Desemba

Kila Jumapili! Nimempigia Bibi Josephina magoti. Kaguna, kacheka, kanipeleka hadi kwenye mtundu wake wa mwisho. Kasema chuma uliochanua, acha mchanga, rudishia majani. Na alama, Khatibu, usitie kabisa. Nimeapa.

Mti huo ndio unaomweka Zuleha nyumbani. Na kibali cha Evaristi kimebakiza mti mmoja. Nitaulindaje? Nikawaza, nikawaza. Alama alikataza. Maandishi hakutaja! Nikarudi na rangi iliyobaki kuandika USIUKATE, herufi za kuonekana mbali. Ili neno likae katikati, nikaanza na UKATE. Rangi ikaishia hapo. Haina neno, USI nitaimalizia kesho.

Njiani nimepishana na Evaristi, shoka begani. Kauliza kama kuna alama mpya. Nikamwambia alama hakuna, ila kuna maandishi, nikamwonyesha njia aende akajisomee. Kaondoka mbio. Napenda sana mtu mwenye hamu ya kusoma.