Makopo Yasiyo na Lebo

Dunia imewaona waliogundua moto, waliobuni gurudumu, hata yule aliyefikiria kutoboa tundu kwenye sindano. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kugeuza njegere kuwa sinema. Heshima hiyo ilimsubiri karani mmoja wa masjala, mtu wa suruali mbili na ushauri usio na idadi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mchumi.

Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akalalamika kwamba watu wanamwita.

Mchumi hakuwa bahili, hilo lieleweke mapema. Bahili hujinyima kimya kimya. Mchumi aliwanyima wengine, tena kwa hotuba! Kanuni zake za maisha aliziandika nyuma ya bahasha kuukuu za ofisini na kuzibandika sebuleni, pale ukutani palipokuwa na televisheni zamani. Televisheni yenyewe aliiuza Jumatano moja jioni, saa moja tu kabla mkewe hajajua kama yule daktari wa kwenye tamthilia atamwoa muuguzi au mama yake muuguzi.

"Burudani," alimwambia mkewe huku mnunuzi akiibeba, "ni matumizi yanayoingilia machoni."

"Na tamthilia yangu?"

"Imalizie kichwani. Kichwani hakuna bili."

Mkewe hakujibu. Alikuwa na tabia ya kutojibu, na kwa miaka kumi na miwili ya ndoa Mchumi alidhani huko ndiko kukubali.

Wiki mbili baadaye ghala moja la vyakula likaingia maji. Chakula hakikuharibika. Lebo ndizo zilizobanduka, zikaelea mpaka mlangoni na kwenda zao. Makopo yakabaki uchi, yakatolewa nje kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mchumi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, maana alifika foleni yenyewe haijazaliwa.

"Ndani mna nini?" alimuuliza muuzaji.

"Chakula, mzee."

"Chakula gani?"

"Cha kopo. Mbele ya hapo usinibane."

Jibu lilimridhisha. Alirudi nyumbani na mkokoteni mzima! Makopo yakapangwa chini ya kitanda, nyuma ya kochi, ndani ya kabati la nguo, mpaka mabinti zake wawili wakawa wanachomoa sare za shule kwa kunyata, kama vibaka.

Ijumaa ya kwanza, saa moja jioni, Mchumi alifungua kopo akitarajia samaki. Njegere! Mabinti wakaangua kicheko. Mtu mwingine angenuna, lakini Mchumi alisimama katikati ya sebule, kijiko juu, kama mtu aliyetokewa na malaika.

"Mmecheka!" alisema. "Mmecheka bila umeme!"

Tangu hapo ikawa Ijumaa ya Kopo. Viti vilipangwa mstari. Taa ya sebuleni ilizimwa, ikabaki ya jikoni tu, kwa ajili ya msisimko na kwa ajili ya bili. Kila mtu alitabiri kilichomo. Kisha Mchumi, taulo begani, kifungulio mkononi, alitangaza kama mtangazaji wa mpira anayelipwa kwa neno: "Anaingia! Anazunguka! Anakata kona ya kulia, mchuzi umeonekana, ni mwekundu jamani, ni mwekunduuu... maharageee!"

Sheria ilikuwa moja: kopo likifunguliwa limefunguliwa. Kilichomo ndicho kitoweo. Kuna Ijumaa walikula wali kwa nanasi. Nyingine walikula wali kwa nanasi kwa maziwa mazito, jambo ambalo Mchumi aliliita karamu.

Ijumaa ya tatu likafunguka kopo la nyama. Nyama laini, ya kahawia, imetulia ndani ya ute wake kama waziri kwenye kiti cha nyuma. Mchumi akaonja. Akafumba macho.

"Hii si ya kuliwa na kila mtu," alinong'ona. "Hii ndiyo ile nyama ya kusagwa ya mahoteli makubwa, watu wanakula wamefunga vitambaa shingoni. Ina madini ya chuma. Nayasikia yakipita."

Akaitangaza kuwa chakula cha ubongo. Na kwa kuwa kwa hesabu zake nyumba ilikuwa na ubongo mmoja, ikawa yake. Mabinti waliruhusiwa kunusa.

Mkewe aliliokota lile kopo tupu, akaligeuza, akakitazama kitako chake kwa muda, kisha akalitia kwenye takataka taratibu.

"Kama umeipenda, baba watoto," alisema, "nitakutafutia nyingine."

Na aliitafuta! Kila asubuhi aliinama chini ya kitanda, akatoka na kopo moja kwa ajili ya mchana wa ofisini, na kila mara likawa lenyewe. Mchumi akasema ni bahati, na bahati akaihesabu kuwa haki yake. Kabla ya kuolewa, mwanamke huyu alifanya kazi miaka sita kiwandani, akibandika lebo kwenye makopo. Mchumi aliwahi kuambiwa hilo. Aliliita "kazi ya gundi" na kuendelea na mazungumzo yake.

Ofisini alikula mlango wazi, ili wenzake wajifunze. Hakuna aliyejifunza. Ila paka wa masjala, mnyama mwenye kiburi ambaye hakuwahi kumgeukia hata mkurugenzi, akaanza kumngoja Mchumi getini. Alimfuata kwenye korido. Alilala juu ya viatu vyake mpaka saa ya kutoka!

"Wanyama wanaitambua hekima," Mchumi aliwafafanulia.

"Kuna kitu wanakitambua," alisema tarishi.

Miezi minne ikapita kwa raha hiyo, mpaka mama mkwe alipopiga simu.

"Mkwe, nasikia mwanangu hana televisheni, na anakula vitu visivyo na majina."

"Mama, ni mfumo mpya wa—"

"Nakuja wiki hii. Nikimkuta ana raha, Jumapili narudi kwangu. Nikimkuta anateseka, nahamia hapo nimwangalie mwenyewe."

"Karibu sana, mama," alisema Mchumi.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu aliyeoga kwa ndoo mbili za maji moto, aliyefungua redio alfajiri kwa sauti ya kuamshia wajawazito, na aliyeamini kwamba chai isiyosimamisha kijiko haina sukari. Kwa nyumba yenye kanuni ukutani, huyo hakuwa mgeni. Alikuwa mafuriko ya pili.

Alifika Jumatatu na sanduku moja na kapu moja. Ndani ya kapu alilala paka mweupe, mnene, mwenye uso wa abiria aliyelipia viti viwili.

"Siwezi kumwacha, baba," alisema mama mkwe. "Ana tumbo la kuchagua."

Mchumi alitabasamu kwa meno yote. Alivumilia ndoo. Alivumilia redio. Kila jioni alikihesabia kijiko cha sukari safari zake, akameza mate. Tegemeo lake lote lilikuwa Ijumaa.

"Leo lazima mama yako acheke," alimnong'oneza mkewe jikoni. "Akicheka, Jumapili anaondoka."

"Niachie mimi kuchagua makopo," alisema mkewe. "Nina mkono mzuri."

Saa moja jioni viti vikapangwa. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, kama hakimu aliyechelewa chakula.

"Mama, unatabiri nini?" aliuliza mkewe Mchumi.

"Mimi? Mapichi. Leo nina hamu ya mapichi."

Mkewe akaingia chumbani, akatoka na kopo. Mchumi akalishukia. "Anaingia! Anazunguka! Kuna kitu cha manjano... mapichiii!"

"Nilijua!" Mama mkwe aliruka. "Leteni jingine! Mahindi machanga!"

Mahindi machanga!

"Maziwa mazito!"

Maziwa mazito! Mama mkwe alicheka mpaka miwani ikamtoka. Alimpiga mkwe wake mgongoni kwa mkono uliozalisha nusu ya mji. Alisema hajacheka hivyo tangu siku marehemu mumewe alipotumbukia kwenye pipa la mvua. Kapuni, paka wake alilala fofofo. Mahindi hayakumhusu.

"Mkwe wangu," alisema mwishowe akipangusa machozi, "nilikudhania vibaya. Mwanangu ana raha. Jumapili nakwenda zangu kwa amani."

Ushindi! Mtu mwenye akili angewasha taa, akaaga, akaenda kulala. Lakini Mchumi hakuwahi kushinda kitu bila kutaka kukitolea hotuba.

"Bado, mama! Hujaona kilele. Mama watoto, lete lile la ubongo!"

"Una hakika?" aliuliza mkewe.

"Lete!"

Mkewe alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akiegemea ukuta uliopakwa rangi sasa hivi. Kisha akalileta.

"Anaingia!" alinguruma Mchumi. "Anazunguka! Harufu inatangulia, waheshimiwa, harufu ya vyakula vya wakubwa..."

Kapu likatikisika.

Paka alitoka mzima mzima, akaruka kiti cha kwanza, akapita juu ya mkoba, akatua mapajani kwa Mchumi na kuzamisha kichwa koponi mpaka masikioni!

Mama mkwe alivaa miwani yake. Akainama. Akanusa.

"Ee! Si ndicho chakula cha paka wangu hiki? Chenyewe kabisa! Mwaka wa nane huu namnunulia." Akainua uso. "Sasa ninyi, wala paka hamna, mnakifanyia nini?"

Mchumi alimgeukia mkewe, akamkuta anaikagua dari kwa makini. Mbele yake kulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulikuwa kusema kweli: kwamba amekila miezi minne, kwa kijiko, mlango wa ofisi ukiwa wazi.

Akachagua wa pili.

"Tulimwekea yeye, mama," alisema kwa sauti ya utakatifu. "Paka wako. Miezi minne namtunzia akiba. Nilijua huenda ukaja naye siku moja."

"Lakini baba," alisema binti mdogo, "si wewe ndiye unaye—"

Mama yake akamtia pichi mdomoni.

Mama mkwe alikaa chini taratibu. Safari hii machozi hayakuwa ya kicheko.

"Wanangu wa kuzaa hawajawahi kumuuliza paka huyu hali. Na wewe, mtu baki, umemwekea akiba! Mwenye moyo kama huu naondokaje kwake? Nahamia!"

"Lakini mama! Ulisema mwanao akiwa na raha—"

"Anayo! Na mimi je, nikacheze kopo na nani? Kesho nafuata vitu vyangu. Na televisheni yangu nakuja nayo, ile kubwa."

"Jumatano iwe imefika, mama," alisema mkewe Mchumi kwa upole. "Kuna daktari mmoja nataka kujua kaoa nani."

Mchumi alimfuata jikoni.

"Ulijua!"

"Kila kopo lina namba kwenye kitako. Miaka sita niliyabandika lebo kwa kufuata namba hizo. Lebo ya hilo lako ina picha ya paka anajilamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema ni kazi ya gundi."

"Umenilisha chakula cha paka miezi minne!"

"Wewe ulisema kina chuma."

Jumatatu Mchumi alikwenda kazini na mkate mkavu, kwa kuwa makopo ya ubongo sasa yalikuwa na mwenyewe, naye aliandaliwa kwenye kisosi. Paka wa masjala alikuwa getini, anangoja. Alinusa mfuko. Akanusa suruali. Akanusa vidole, kimoja kimoja, kama karani anayetafuta sahihi iliyokosekana.

Kisha akamgeuzia mkia, akaenda kukaa na tarishi.