Kalamu Kwenye Ukumbi wa Kona

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Sasa hivi Kidonge amekilisha uji kiatu cha baba yake. Vijiko vitatu. Kisha akakifuta mdomo, akakiambia kilale. Kiatu chenyewe ndicho cha harusi. Nimekianika dirishani, nikambusu mlishaji. Ana miaka miwili na miezi minne, na moyo mpana kutushinda wote humu ndani.

Harusi ni Jumamosi. Tunafunga ndoa ofisi ya msajili saa nane mchana. Gauni nimelishona mwenyewe kazini, saa za chakula, kwa cherehani ileile ninayoshonea sare za shule. La njano, fupi, lina mifuko. Mifuko ni ya biskuti za Kidonge. Kutoka hapo, moja kwa moja baa. Mwenye baa ametupa ukumbi mpaka jua lizame, kwa sababu Fundi Bomba wangu (ndiye bwana harusi, na ndiyo kazi yake) alimzibulia sinki lililowashinda mafundi watatu. Hakuna jukwaa. Hakuna mtu wa kipaza sauti. Watu wakae, wanywe, wacheke, waende zao.

Tatizo ni Shangazi, aliyemlea Fundi Bomba. Baa kwake haitajwi. Husema neno lenyewe limejieleza: baa ni baa, anayeliingia kwa miguu yake asilie. Hilo nalimudu. La pili ndilo lililonikwama kooni. Amekuja leo, nikamwamkia, akaketi, akasema Jumamosi Kidonge abaki kwa jirani. Bibi harusi haingii na mtoto kiunoni, watu watachekea viganjani. Nikasema ndiyo Shangazi. Fundi Bomba akasema ndiyo Shangazi. Kidonge peke yake akasema hapana, ila siku hizi yeye husema hapana hata kwa ndizi anayoitaka.

Nimeapa. Kidonge atakuwepo. Tena mbele.

Kwanza lakini Shangazi mwenyewe afike, asije akasusa njiani. Kwa hiyo neno baa nimelificha. Nimeandika mwaliko kwa simu, mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu: "Jumamosi baada ya ndoa, karibuni nyote kwenye kalamu, ukumbi wa kona." Kalamu ni neno zito, la watu wa heshima. Nimewatumia wote.

Jumanne, tarehe 4

Mwaliko umepokelewa vizuri mno. Simu haijapumzika. Wajomba zangu wawili wameuliza ni rangi gani. Nimefurahi kuona wanaume wanajali mavazi. Nikawaambia bluu.

Mwenzangu wa cherehani ya pili aliuliza kama alete moja au mbili. Nikadhani ni soda, nikamwambia hata kreti. Akasema sawa, mama Kidonge, harusi ni yako.

Jumatano, tarehe 5

Shangazi hataki kuonekana mshamba, Mungu ambariki. Nimemsikia kwa masikio yangu akimweleza jirani uani kwamba kalamu ni mambo ya kisasa, watu wa mjini hawafungi ndoa tena bila kalamu, na yeye ameshahudhuria tatu. Jirani akauliza huwa inakuwaje. Shangazi akasema inategemea na ukoo.

Nikajisifu moyoni. Mtu aliyehudhuria tatu hawezi kususa ya nne.

La Kidonge bado sijalipatia njia. Nimemshonea gauni la kitambaa kilekile cha njano. Nikamvalisha kujaribu, akakataa kulivua, amelala nalo mchana. Nilimwangalia nikafikiri: huyu ndiye wa kufichwa kwa jirani?

Ijumaa, tarehe 7

Aibu. Nimeanza kuandika mara mbili nikachana.

Leo nimekwenda baa kupanga meza. Mwenye baa, mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo, akaniuliza kwa upole kwa nini watu wanampigia kuulizia kama meza zake ni laini za kuandikia. Nikampa simu asome mwaliko. Akasoma. Akaingia nyuma ya kaunta akainama, nikadhani anatafuta kitu, kumbe anacheka. Akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto: karamu ni ya kula na kunywa, kalamu ni ya kuandikia. Herufi moja tu, dada yangu. Umewaita watu ishirini waje na peni.

Za bluu.

Nikakaa juu ya stuli ndefu, miguu ikaning'inia. Nikafikiria kuhama. Nikafikiria kumtumia kila mtu masahihisho, halafu nikaona uso wa Shangazi, ambaye ameshahudhuria tatu. Hapo ndipo taa ikawaka kichwani. Shangazi hajui kalamu ni nini. Hakuna anayejua. Ajuaye ni mimi, maana nimeitunga!

Nikaondoka mbio, viatu mkononi. Nikamkuta Shangazi anapiga pasi kitambaa chake cha kichwa. Mezani kuna daftari kubwa la jalada gumu, jipya. Akasema amelinunua maana kwenye kalamu zote alizokwenda kulikuwa na daftari. Nikasema ndiyo Shangazi, wewe unajua. Nikasema basi limebaki lile jambo la mfunguaji. Pasi ikasimama. Akauliza mfunguaji gani, kisha akajirudi, akasema ah, mfunguaji. Nikasema si unakumbuka, Shangazi, kalamu hufunguliwa na mtoto wa maharusi wenyewe, ndiye anayepiga mstari wa kwanza, na wasio na mtoto huazima. Sisi bahati nzuri tunaye.

Kitambaa kikaanza kunuka kuungua. Akainua pasi, akasema kwa hasira kidogo kwamba hilo alikuwa analijua siku zote, na huyo mtoto mumwogeshe vizuri basi, asije na uji shavuni.

Nilitembea hadi nyumbani nikijichekea peke yangu kama mwehu.

Jumamosi, tarehe 8. Stoo ya baa, juu ya kreti

Nimejificha dakika tano. Jua bado lipo. Nimeolewa!

Msajili ana mafua, alipiga chafya kwenye "mpaka kifo", tukangoja, akarudia. Kidonge alisimama katikati yetu, ameshika suruali ya baba yake kwa mkono mmoja na biskuti kwa mwingine. Fundi Bomba alipoulizwa kama ananikubali, Kidonge akajibu hapana kwa sauti kubwa. Ofisi nzima ikacheka. Shangazi pia, nilimwona.

Kisha ukumbi wa kona. Mwenye baa alikuwa amefunika rafu za chupa kwa pazia kubwa la maua. Watu wakaingia, kila mmoja na peni mfukoni. Mwenzangu wa cherehani alileta boksi zima, kwa kuwa nilimwambia kreti. Shangazi akafungua daftari juu ya meza ya kati, akapanga watu foleni, wakubwa mbele, kisha akasema wote warudi nyuma, mfunguaji apite kwanza.

Akaja kumchukua Kidonge mikononi mwangu. Yeye mwenyewe. Akamsimamisha juu ya kiti mbele ya watu wote, akamshikisha peni, akaushika ule mkono mdogo ndani ya wake, wakapiga mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe. Akasema kwa sauti ya kusikika mlangoni: huyu ni mjukuu wangu, ndiye amefungua. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia dari, kwa sababu ya macho.

Kidonge akashuka, akakimbilia pazia, akalivuta. Likaja lote. Chupa zikang'aa ukuta mzima. Shangazi akazitazama, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akamuuliza mwenye baa kama ana soda ya tangawizi baridi. Akaletewa. Sasa yuko kwenye chupa ya tatu, anamfundisha mjomba wangu taratibu za kalamu.

Jumatatu, tarehe 10

Ushindi mtupu. Peni arobaini na moja zimebaki. Shangazi amehamia kwetu kwa wiki nzima, anazunguka uani na Kidonge mgongoni, anamwonyesha kila mlango: mfunguaji wetu. Jirani aliyetakiwa kukaa na Kidonge siku ile ameomba amwazime, mwanawe anaoa mwezi ujao.

Mwenye baa amenishauri kuanzia sasa nimpe mtu mwaliko ausome kabla ya kutuma. Namheshimu, lakini sioni sababu. Yote yalikwenda nilivyopanga. Herufi moja ilinipita, na sasa naijua.

Nimeamua kuwashukuru watu kwa chakula hapa nyumbani. Nimeshatuma mwaliko asubuhi, mwenyewe, nimeusoma mara mbili: "Asanteni sana. Jumapili saa saba njooni nyote kwetu kwa kura." Mfupi, safi, hauna kosa hata moja. Wajomba wameshajibu. Mmoja anauliza kama vitambulisho ni lazima, nadhani ni mzaha wake. Nitapika sufuria ile kubwa, na Kidonge atavaa tena lile gauni la njano, maana Shangazi amelifua kwa mkono wake na

Shangazi ananiita uani, naona ana simu yake mkononi, anasema watu wanamuuliza wagombea ni akina nani na kama Kidonge ndiye atakayefungua sanduku la