Moshi wa Gati la Mbele

Jumatatu, 4 Machi

"Mashine inayotoa moshi ni mashine mgonjwa, na abiria wake nao wako njiani kuugua." Maneno ya Kimyakimya, mwenye boti ya pili hapa gatini, leo asubuhi, mbele ya abiria wangu kumi na mmoja waliokwisha kuketi. Uongo mtupu. Jiko lisilofuka halijapika. Mtu asiyetoka jasho hajafanya kazi. Mashine yangu ya mipigo miwili inavusha watu mto huu mwaka wa tisa sasa, na moshi ndio jasho lake. Yake ya mipigo minne haina moshi wala sauti, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilimwambia hayo yote, na mengine. Nilipogeuka, abiria saba walikuwa wamehamia kwake. Aliyewaongoza ni muuguzi wa zahanati ya ng'ambo. Anadai sare yake hupanda kwangu nyeupe, hushuka kijivu.

Mkuu wa gati naye akatokea na daftari. Jumamosi saa tatu asubuhi atavuka na kila boti. Ile ambayo moshi wake utamzuia kuona ng'ambo itahamishiwa gati la nyuma. Kule kwenye matete! Kule hapandi mtu ila anayekimbia jambo. Mke wangu alisema tukienda huko tutavusha vyura. Sikucheka.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amekuja, kaka wa mke wangu, fundi wa mashine za boti. Sikumwita mimi. Akafungua mashine, akanihubiria kana kwamba sijui kusoma. Ati mipigo minne oili ina chumba chake, inazunguka humo na kubaki humo. Mipigo miwili haina chumba. Oili inachanganywa na petroli tangini, inalainisha vyuma ikipita, kisha inaungua pamoja na petroli, na huo ndio moshi wa bluu. Tena mashine hii inavuta mafuta mapya huku inatoa yaliyoungua, kwa hiyo mengine yanatoroka mabichi. Moshi kidogo si ugonjwa, akasema. Ndivyo ilivyoumbwa.

Nikamwambia hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasema. Akasema hapana, shemeji, nimesema kidogo. Huu wako ni wa tanuri la matofali. Akanionyesha plagi, nyeusi, imelowa. Akauliza oili naipimaje. Kopo moja la nusu lita kwa tangi la lita ishirini na tano, kama kijitabu kinavyosema. Nimekisoma mara tatu. Akaniambia nikisome mara ya nne. Nikamfukuza botini. Ikabidi nimkimbilie njiani, maana plagi yangu alikuwa nayo mfukoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimetumia akili badala ya fundi. Mashine ikiwa baridi hufuka zaidi, hilo shemeji mwenyewe alilikiri. Basi nikaivika blanketi la kitandani tangu alfajiri, ianze safari na joto lake. Safari ya kwanza nikasahau kulivua. Moshi wa oili, juu yake moshi wa sufi. Mwalimu mmoja alivuka akiwa amefumba macho mwanzo hadi mwisho. Kimyakimya alipita karibu, akauliza mgonjwa ameamkaje.

Mke wangu hakuuliza kuhusu blanketi. Amelala na lililobaki, lote.

Alhamisi, 7 Machi

Fedheha. Shemeji amerudi, akatuketisha ghalani, pale tunapohifadhi matangi: mimi, mke wangu, na baba mdogo anayelinda ghala. Akauliza nani hutia oili. Nikasema mimi, kila asubuhi. Mke wangu akasema hata yeye, kila jioni, kwa sababu mwaka juzi nilimwambia mashine ni kama mgeni, haiachwi na koo kavu. Sikumbuki. Baba mdogo akakohoa. Akasema mwanangu, mimi nawajua, nyote wasahaulifu, kwa hiyo naongeza kopo langu nikija zamu.

Makopo matatu! Shemeji alicheka mpaka akakaa juu ya tangi. Akauliza hii ni boti au mnakaanga maandazi. Kisha akatoa hukumu: kuanzia leo apime mtu mmoja tu, dada yake. Mimi, mwenye boti, nisiguse oili. Nikauliza je, mke wangu amesoma kijitabu. Mke wangu akajibu yeye hajakisoma hata mara moja, lakini kuhesabu hadi moja anaweza.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu amepima. Kopo moja. Amefunga uzi mwekundu kwenye mpini wa tangi, kana kwamba mimi ni panya. Nikajaribu mashine. Moshi upo, mwembamba, wa bluu. Ng'ambo inaonekana. Watu wote wakaridhika.

Mimi sikuridhika. Moshi mwembamba ni moshi. Kimyakimya hatatoa hata huo, na muuguzi atakuwa amekaa palepale akitazama.

Lakini matangi yetu, langu na la Kimyakimya, yanafanana, mekundu yote, na yanalala ghala moja. La kwake ni petroli tupu. Petroli tupu haina moshi. Shemeji alisema pia kwamba bila oili vyuma vya mipigo miwili hushikana, lakini safari ni dakika tisa. Mashine iliyovumilia makopo matatu kwa miaka miwili imejiwekea akiba.

Saa kumi jioni baba mdogo alikwenda kunywa chai. Nikatia makopo mawili zaidi katika tangi letu, ya kumtakia Kimyakimya heri. Nikayabadilisha matangi. Uzi sikuugusa. Niliambiwa nisiguse kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu kamili. Mkuu wa gati mbele, muuguzi nyuma yake, mke wangu ukingoni. Nikavuta kamba. Moshi kidogo, mabaki ya oili katika mpira wa mafuta, kisha hewa safi kama ya mlimani. Tukafika ng'ambo, tukarudi. Mkuu wa gati akafunga daftari. Muuguzi akajitazama sare, nyeupe. Akasema leo umetuheshimu, kaka.

Hapo ningeshuka. Lakini mkuu wa gati akasema amependa, tuzunguke mara nyingine. Ningekataaje? Nikaipa mafuta mpaka mwisho. Katikati ya mto mashine ikapiga yowe, ikasimama. Nikavuta kamba. Haikuvutika. Tukaanza kuteremka na maji, taratibu, tukielekea matete. Mkuu wa gati akafungua daftari.

Kimyakimya akaja kutukokota. Akasema pole, kaka. Hilo tu. Alipotia nguvu, mashine yake ikatema wingu la bluu moja kwa moja usoni mwangu. Nilikohoa hadi gatini. Mkuu wa gati alikuwa ameinama chini ya ubao wa kukalia. Hakuona ng'ambo, hakuona hata boti iliyokuwa ikitukokota.

Mke wangu aliliona tangi la Kimyakimya kabla sijafunga boti gatini. Akaufungua uzi wake mwekundu kwenye mpini, akauviringisha kidoleni, akaenda nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Gati la nyuma, kwa amri ya daftari. Matete, vyura. Kimyakimya amemwaga tangi, leo hafuki tena, na amebaki mbele. Shemeji amefungua mashine. Pistoni na silinda zimeng'ang'aniana kama mapacha. Akasema ilikuwa mashine nzuri, akaondoka kunawa mikono. Nimeimiminia makopo matatu ya oili. Itapona.

Sitanyamaza. Nimeandika tangazo, jioni nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa gati la mbele:

Abiria wa gati la mbele, na hasa wewe muuguzi wa sare nyeupe. Jana mlishuhudia wenyewe mashine ya Kimyakimya ikifuka mto mzima. Mashine inayotoa moshi ni mashine mgonjwa, na abiria wake nao wako njiani kuugua. Yangu haitoi moshi hata chembe. Kesho saa moja asubuhi shukeni kwenye boti yake, mje nyuma kwenye matete. Kila mmoja aje na kasia lake.